Mwaka Aliokufa Drusila

Juzi asubuhi mjukuu wa Mama Peres alinipigia simu kutoka Kisegi kunijulisha kwamba nyanya yake amefariki. Kabla sijapata la kusema akaongeza kwamba familia inaniomba niandike wasifu utakaosomwa siku ya mazishi. "Dani alikuwa anasema wewe huwezi kukosea mwaka," aliniambia, akimtaja nyanya yake kwa Kijaluo. Nilikubali, nikampa pole, nikaweka simu juu ya meza. Chai ilipoa mbele yangu na sikuigusa. Kijana yule hakujua kwamba upo mwaka mmoja niliowahi kuuandika vibaya kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, na aliyeumizwa na kosa hilo alikuwa nyanya yake. Tangu juzi nimeshika kalamu mara nne kuandika siku aliyozaliwa Peres, na mara zote nne nimejikuta narudi kwenye ule mwaka niliofanya kazi ya kutafuta tarehe za mama yake.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani, kwa kuwa hayo hayakuingia katika jambo hili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, nimemaliza kozi ya uhazili, na nilikuwa mtu wa hofu. Nilikuwa naogopa simu ikilia, naogopa barua yenye muhuri, naogopa mkubwa wa kazi akinyamaza. Kazi yangu ya kwanza niliipata Homa Bay, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Kilikuwa na dirisha moja ambalo lingeangalia ziwa kama lisingezibwa na kabati la mafaili. Kulikuwa na taipureta ambayo herufi "a" ilikuwa ikikwama, kwa hiyo kila baada ya mistari michache nilikuwa nainyanyua kwa kucha. Kamati ya kanisa ilikuwa imejenga wodi ya kujifungulia kule Kisegi, na walitaka kuipa jina la Drusila, mkunga wa kwanza wa sehemu zile aliyesomea kazi yake chuoni. Jiwe lenye jina na miaka yake lingewekwa ukutani, na kijitabu cha maisha yake kingegawiwa watu siku ya ufunguzi. Mimi ndiye niliyepewa kijitabu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Ogola wa Kendu Bay, mkuu wa shule aliyestaafu, mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti hata jua likiwa kali.

Miaka yenyewe sitaitaja hapa, maana wajukuu wapo na wana haki ya kuisema au kuinyamazia. Nitasema tu kwamba kwanza ulitusumbua mwaka wa kuzaliwa. Cheti cha chuo cha ukunga kilimpa Drusila miaka miwili zaidi ya ile iliyomo katika kitabu cha ubatizo. Mwalimu Ogola aliniwekea kiti karibu naye akanifundisha kitu ambacho nimekitumia mpaka leo. "Millicent, usiulize karatasi gani ni kubwa," alisema. "Uliza nani aliandika, aliandika lini, na alikuwa anataka nini." Ubatizo uliandikwa Drusila akiwa mtoto mchanga, mama yake amesimama pale pale. Cheti kiliandikwa akiwa msichana aliyetaka kuingia chuo kilichokuwa kikiwakataa wasichana wadogo. Basi alijiongezea miaka. Mwalimu alicheka kidogo, akafurahi kama tumekutana na Drusila mwenyewe mlangoni. Tukaandika mwaka wa ubatizo na tukaendelea.

Mwaka wa kufa haukuwa na shaka yoyote. Ulikuwa umechongwa kaburini kwake Kisegi, na kila mtu aliijua habari hiyo. Drusila, mjane wa miezi michache, aliitwa kwenda kumzalisha mwanamke kisiwani. Alipanda boti asubuhi, upepo ukaipindua, na wengi hawakuonekana tena. Jina lake lilikuwa katika orodha ya abiria. Kwa kuwa mwili haukupatikana, wakwe zake walifanya kama desturi ya Wajaluo inavyotaka, wakazika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu, zito kama mtoto, ili mtu awe na kaburi. Aliacha binti mmoja wa miaka tisa, Peres. Peres alikua akiambiwa kila siku kwamba mama yake alikufa akienda kuokoa maisha. Nilipoanza kazi alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani pale sokoni Kisegi, na ndiye aliyeniazima daftari la mama yake. Nililipenda sana daftari lile. Kila uzazi ulikuwa na mstari wake kwa Kijaluo: jina la mama, jinsia ya mtoto, kisha jinsi mtoto alivyolia. "Alilia haraka." "Alichelewa kulia." "Hakulia." Sijawahi kuona mkunga mwingine aliyeandika hivyo.

Kabla ya kuchapa tulituma tangazo lisomwe makanisani, Homa Bay na Migori, kwamba yeyote mwenye habari za Drusila mkunga atuandikie. Barua zilizokuja zilikuwa za sifa. Halafu ikaja moja kutoka Ogwedhi, kule mpakani kunakouzwa ng'ombe, imeandikwa na katekista kwa mistari mitatu: Drusila mkunga tulimzika sisi hapa, aliwazalisha mama zetu, na jina lake limo katika kitabu chetu cha mazishi. Mwaka alioutaja ulikuwa miaka kumi na tisa baada ya ule wa kaburi la Kisegi. Niliisoma barua ile nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya taipureta, nikachapa kazi nyingine juu yake mpaka saa sita, kana kwamba ikikaa pale itabadilika.

Nilimpelekea Mwalimu barua hiyo nyumbani kwake Kendu Bay Jumamosi. Sebule yao ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kila kimoja kimenyooshwa, na nilikaa ukingoni nisikikunje. Mama Ogola alileta ngege wa mchuzi, ugali na mboga ya osuga. Mwalimu alisoma barua mara mbili huku samaki akipoa. "Akina Drusila ni wengi," alisema. "Jina la kanisani hilo. Jiwe nimeshampa fundi, ameshaanza kuchonga. Nenda Ogwedhi, uone, urudi na karatasi inayosema ni mtu mwingine." Nikamuuliza, "Na kama si mtu mwingine, Mwalimu?" Alininyooshea bakuli la mchuzi. "Kula, mtoto wangu," akasema.

Nilifika Ogwedhi siku ya mnada, vumbi la ng'ombe likiwa limefunika hadi majani ya miti. Katekista alinifungulia kitabu cha mazishi juu ya benchi la kanisa. Mstari ulisema: Drusila, mkunga, mjane, kwao Suba. Niliunakili neno kwa neno, maana Kisegi iko Suba. Kisha akanipeleka kwa Bhoke, mwanamke Mkuria wa miaka arobaini na kitu, ambaye alilelewa na Drusila tangu utotoni na sasa alikuwa mkunga wa hapo. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya mabati, safi mno, vinanuka sabuni ya kipande. Alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akakaa kunitazama nikila. Nilimweleza kwa nini nimekuja. Nilisema kwamba huenda tunazungumzia watu wawili tofauti, na nilisema kwa haraka, kama mtu anayemwomba mwenzake akubali.

Bhoke hakubishana. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda akatoa daftari lililofungwa kwa kitambaa. Sikuhitaji kufungua ukurasa wa pili. Mwandiko ulikuwa ule ule, umelala kushoto, na kila mstari ulikuwa na jina la mama, jinsia ya mtoto, na namna alivyolia. Majina sasa yalikuwa ya Kikuria, ya Kimaasai, ya Kijaluo, lakini watoto walilia kwa maneno yale yale. Niliendelea kufungua, nikitafuta kitu cha kunitoa pale. Badala yake nikakuta mstari usiokuwa na uzazi. Ulisema tu: "Peres, kumi." Mwaka uliofuata, tarehe ile ile ya mwezi ule ule: "Peres, kumi na moja." Niliihesabu mistari hiyo. Ilikuwa kumi na tisa. Wa mwisho ulisema "Peres, ishirini na nane," na baada yake zilibaki kurasa chache tu.

"Huyo Peres ni nani?" Bhoke aliniuliza. "Kila mwaka nilikuwa namuona anaandika hiyo, halafu siku hiyo hali chakula. Nilimuuliza mara moja tu."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia ni deni." Alilisukuma sanduku chini ya kitanda. "Kabla hajafa ndio alisema yote, hata kwamba aliacha mtoto, ila jina hakutaja. Shemeji yake alikuwa anangoja matanga ya bwana yake yaishe amrithi awe bibi yake. Yeye hakumtaka. Asubuhi ile alifika pale boti inapandiwa, wakaandika jina, lakini akakaa pale chini akashindwa kupanda. Akatembea kwa miguu aende kwa misheni, akaulize watamsaidia aje. Alifikiri ni wiki moja. Njiani akasikia boti imezama, na jina lake limesomwa pamoja na ya wafu. Akanyamaza. Halafu akasikia wameshazika."

"Kwa nini hakumtuma mtu amchukue mtoto?"

"Angetumaje? Mtu ameshazikwa, anarudi aje kwa hiyo boma? Wewe ni Mjaluo, unajua kuliko mimi. Wangemkimbia. Ama wangemrudisha kwa huyo shemeji. Alikuwa anasema mwaka ujao, mwaka ujao."

Niliomba kulibeba daftari. Bhoke alilifunga kitambaa chake polepole. "Hii haitoki hapa," alisema. "Kama mtoto wake anaitaka, akuje mwenyewe." Nikanakili ile mistari kumi na tisa kwenye karatasi moja, na nikaondoka nayo kifuani, ndani ya nguo, nikiogopa kuipoteza na nikitamani ipotee.

Leo nikiwa mtu mzima naelewa kwamba hofu yangu ya wiki zilizofuata haikuwa ya Mwalimu wala ya kamati. Nilikuwa nimeingia Ogwedhi nikidhani mwaka ni tarakimu nne, na kwamba ukijua ulio sahihi unafuta ule mwingine. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa amejenga nyumba nzima juu ya ule usio sahihi, akalala humo, akalea watoto humo. Nilirudi Kendu Bay nikamwekea Mwalimu karatasi mezani. Aliisoma, akavua miwani, akaingia chumba cha ndani. Mlango wao ulikuwa pazia tu, na niliwasikia.

"Huyu msichana amepata kweli," alisema Mwalimu.

"Basi si useme kweli," mkewe akajibu.

"Kwa Peres? Mama Ogola, nimemsomesha yule mtoto. Alikuwa anakuja shule hana viatu, mtoto yatima, na kitu pekee alichokuwa nacho ni kwamba mama yake alikufa shujaa. Nimwambie mama yako alikuwa hai, alikuacha?"

Nikasikia sahani zikipangwa. Mwalimu alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia niandike mwaka wa kaburi. "Si uongo," alisema. "Ndio mwaka ambao Kisegi walimpoteza." Nilirudi ofisini Jumatatu nikauandika. Herufi "a" haikukwama hata mara moja siku ile, na nakumbuka niliichukia taipureta kwa hilo. Chini yake nilichapa sentensi ambayo kila mtu aliitaka: alifariki akienda kuokoa maisha.

Kabla ya kijitabu kwenda kwa mchapaji ilibidi Peres akisome, maana ndiye mwenye mama. Nilimkuta kibandani kwake sokoni, cherehani mbele, sare za shule zimening'inia juu ya kichwa chake. Alifunga kazi akanipeleka nyumbani, akapika nyoyo, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yanapasuka, akanipakulia nyingi kuliko nilivyoweza. Akasoma kurasa zangu polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye boti alipumua kwa nguvu, akaruka ukurasa, akarudi tena. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa Kijaluo, "Wanasema ulienda Ogwedhi. Ulipata nini huko?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na bado lilinikuta mtupu. "Alikuwa Drusila mwingine," nilisema.

Akanitazama. "Mkunga pia?"

"Mkunga pia."

"Haya," alisema, akanisukumia sahani. "Kula, nyathina," akaniita, kama vile mimi ni mtoto wake. Nikala zile nyoyo zote, hadi punje ya mwisho, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kufanya kitu kingine mbele yake.

Siku zilizofuata sikuwa mzima. Nilikuwa nachapa barua za kanisa nikijikuta nimeandika "Peres, kumi na mbili" katikati ya taarifa ya mavuno. Nilijiambia kwamba mimi ni karani tu, kwamba wakubwa wameamua, kwamba Peres ana furaha yake na nani amenituma kumvua. Yote hayo yalikuwa na maana na hakuna hata moja lililonisaidia. Kilichonishinda hasa kilikuwa kile kikaratasi. Mwanamke alikuwa ameandika jina la mtoto wake mara kumi na tisa, na sasa mtu pekee aliyeishika ile hesabu nje ya Ogwedhi alikuwa mimi, mgeni, na nilikuwa naificha chini ya nguo zangu sandukuni. Ijumaa ya wiki ya pili niliomba ruhusa ya siku moja. Sikumwambia Mwalimu ninakwenda wapi. Mchapaji alikuwa amesema anaanza Jumatatu.

Peres alikuwa akikata kitambaa. Nilimwomba aweke mkasi chini, kisha nikamwambia yote nimesimama, kuanzia barua ya katekista hadi nyoyo alizonipikia. Nilisema, "Nilikudanganya, mama." Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliisoma hadi chini, akarudi juu, na safari hii akaanza kuisoma kwa sauti, akijibu kila mstari.

"Peres, kumi. Hapo nilikuwa kwa shangazi, nalala jikoni. Kumi na moja, nilirudi shule. Kumi na tatu, nilikuwa na surua, nilikaribia kufa. Kumi na saba, niliolewa. Kumi na tisa, nilizaa mtoto wa kwanza, akafa." Kidole chake kilibaki juu ya mstari huo. "Hakulia," alisema. "Mkunga waliyemleta hakujua kazi." Aliendelea hadi ishirini na nane, kisha akakunja karatasi mara mbili, kingo juu ya kingo, kama anavyokunja nguo ya mteja.

Nilitaka kusema kwamba mama yake hakumsahau. Nadhani nilianza kusema. Aliinua kiganja.

"Aliyeweza kuhesabu angeweza kuja," alisema Peres. "Mwachie hapo. Usimtetee." Akachukua mkasi, akaendelea kukata, mstari umenyooka kabisa. Mimi nilikaa juu ya kigoda nikilia, na yeye hakulia. Jioni ilipokaribia aliniambia, bila ukali, kwamba Jumatatu atakuja Homa Bay, na nimwambie Mwalimu asichape kitu.

Ilibidi nimwambie. Nilikwenda Kendu Bay kesho yake, nikangoja anifukuze kazi. Mwalimu alisikiliza, akaangalia vile vitambaa vyeupe kwenye viti, akasema tu, "Umefanya jambo zito, Millicent." Jumatatu kamati nzima ilibanana katika kile chumba nyuma ya kanisa. Peres alikaa kwenye kiti changu, mbele ya taipureta, mkoba magotini. Aliwasalimia wote kwa majina. Halafu akasema kwa Kiswahili, kwa sababu mle ndani walikuwemo wasiojua Kijaluo, "Andikeni ile mwaka ya Ogwedhi."

Mzee mmoja akauliza itakuwaje na habari ya boti, maana watu wote wanaijua.

"Muitoe," alisema Peres. "Mama hakufa akienda kuzalisha mtu. Aliishi akazalisha watu miaka kumi na tisa zaidi. Hiyo ni kitu kidogo?"

Mzee mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wataongea, kwamba watasema alikimbia ndoa, alikimbia mtoto. Peres akamgeukia. "Alikimbia. Na mtoto mwenyewe ndiye anakwambia. Kama mimi naweza kuisema, wewe utashindwa na nini?" Hapo Mwalimu Ogola alisimama, akasema jiwe litachongwa upya na atazungumza na fundi yeye mwenyewe. Walipotoka alibaki nyuma akinisubiri nifunge dirisha lisiloangalia kitu. "Nilikufundisha kuuliza mwandishi alikuwa anataka nini," alisema. "Sikujiuliza mimi nilikuwa nataka nini." Aliniomba radhi. Nilikuwa sijawahi kuombwa radhi na mkubwa wa kazi, na sikujua niweke wapi mikono.

Wodi ilifunguliwa. Watu waliongea kama yule mzee alivyosema, wakaongea mwezi mmoja, miwili, kisha wanawake wakaendelea kuja kujifungua kama kawaida. Tangu wakati huo nimefanya kazi ya kumbukumbu katika ofisi tatu, na sijawahi kuandika mwaka wa mtu bila kuwaza ni nani anaishi juu yake. Hofu haikuniisha, ila niliacha kuitii.

Mwisho wa mwaka ule Peres aliniambia nimsindikize Ogwedhi. Bhoke alitungojea nje, amevaa kitambaa kipya kichwani, na niliona jinsi wale wanawake wawili walivyopimana kwa macho, mmoja mwenye damu ya Drusila na mwingine aliyelelewa na mikono yake. Walisalimiana kwa Kiswahili, kwa uangalifu, kila mmoja akitafuta maneno. Bhoke alilileta daftari akalitoa kwa mikono miwili. Peres alilipokea vivyo hivyo na hakulifungua.

"Alikuwa mama mzuri kwako?" aliuliza Peres.

Bhoke alirekebisha kitambaa chake kichwani. "Ndio," alisema. "Nisamehe."

"Si wewe wa kuomba msamaha."

Tulikwenda kaburini nyuma ya kanisa. Lilikuwa limepaliliwa, na mawe madogo yamepangwa pembeni. Peres alisimama na mkoba wake mkononi kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Baadaye akauliza mama yake alikufaje. Bhoke akamwambia ilikuwa homa, siku nne, na kwamba siku mbili za mwisho hakuongea Kikuria wala Kiswahili tena. "Alikuwa anaongea lugha yenu. Mimi sikuwa naijua. Nilishika maneno machache tu kwa masikio, na sikumuuliza mtu. Niliogopa kujua."

"Yapi?"

Bhoke aliyasema polepole, kwa lafudhi ya Kikuria, akiyapima. "Koth biro. Hiyo alirudia sana. Koth biro. Na nyingine, kel rech."

Peres alitikisa kichwa kana kwamba hakusikia vizuri, akamwomba arudie, na Bhoke akarudia. Mimi nilielewa maneno na sikuelewa maana. Mvua inakuja. Leta samaki. Ogwedhi hakuna samaki wa kuanika, kuna ng'ombe na vumbi.

"Baba alipokuwa amelazwa hospitali mama alikuwa anashinda kwa wagonjwa wake," Peres alisema. Alikuwa anamwambia Bhoke, si mimi. "Samaki tulianika mimi na yeye. Akirudi amechoka analala ndani, mimi nacheza uani. Wingu likianza, ananiita kutoka kitandani. Koth biro, kel rech. Tulikuwa sisi wawili tu nyumbani. Hakuna mwingine wa kuambiwa."

Bhoke alishika mdomo wake kwa kiganja. Peres akaweka mkoba chini, akachuchumaa kando ya kaburi, akafuta vumbi kwenye jiwe moja dogo kwa kidole. Halafu akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida, ile ya mtoto anayejibu kutoka uani bila kuacha mchezo, kwamba samaki ameshawaingiza ndani. Akasimama, akakung'uta sketi, akatuuliza kama tuko tayari kwenda.